Kona Iliyoungua

Naryn, mwezi wa pili. Kaa la moto liliruka jikoni
likala kona ya zulia la sufu
alilolishindilia mama siku kumi na moja
kwa maji ya moto na viwiko.

Lilikuwa mraba: shibiri kumi huku, kumi kule.
Akakata palipoungua, mraba mdogo,
shibiri tatu kila upande, akamtupia mbwa.

Nami mezani, na swali la mwalimu Tursunbek:
*a kipeo cha pili, toa b kipeo cha pili. Tafuta vigawo.*
Nilikuwa nimechora mabano mawili, ndani hamna kitu.

Mama hajui aljebra. Anajua mkasi.
Akalitazama zulia lililobaki, limepinda kama kiwiko,
akaupima ule mkono mwembamba, saba kwa tatu,
akaukata, akaugeuza,
akaubandika saba kwa saba na mwenzake.
Ukakaa kama umezaliwa pale.

"Hesabu," akasema, sindano mdomoni.

Upana: kumi toa tatu.
Urefu: kumi jumlisha tatu.
Tisini na moja, na hata unyoya haukuongezeka.

Nikajaza mabano yangu, moja la kutoa, moja la kujumlisha.
Na kama mwalimu angeuliza zile ab mbili za kati zimekwenda wapi,
ningemjibu: zimefutana, kama deni la ndugu kwa ndugu.

Zulia lipo bado, refu kuliko kitanda,
mshono wake mwekundu, kwa kuwa uzi mweusi ulikwisha.
Mbwa alizilalia tisa zake
mpaka alipokufa.