Tarishi Asiyetua Mzigo

Wanasema macho hayana pazia.
Lipo. Nimelichungulia miaka kumi na tisa,
jembamba kuliko karatasi ya sigara,
limetandazwa nyuma kabisa ya mboni
pale mwanga unapokomea safari
na kugeuka habari.

Sölve Lidfors amefika Umeå kwa basi la asubuhi,
theluji mabegani, mkobani soksi za sufu,
mkate mkavu, jibini, redio ya betri.
Tulimwandikia: utakaa gizani
mchana kutwa na usiku kucha.
"Gizani," anacheka, "kwani nilitoka lini?"

Alipokuwa na miaka saba
Januari ilizima shule saa tisa alasiri.
Wenzake walisimama kidogo nje ya lango,
macho yakazoea, njia ikajitokeza, wakaenda na skii zao.
Yeye alisimama. Njia haikuja.
Dada yake Gunvor akamfunga kiunoni kwa skafu,
akamvuta kilomita nne, bila neno,
na kesho yake tena.

Ukoo wao nimeubandika ukutani:
mraba kwa mwanamume, duara kwa mwanamke,
wino kamili kwa aliyepatwa,
nusu wino kwa aliyebeba asijue.
Majina tuliyatoa katika vitabu vya kanisa,
mkono wa kasisi ukitetemeka kwa baridi
alipowaozesha binamu kwa binamu
mwaka ule wa njaa, bonde lilipofungwa na barafu.
Babu alimwachia Sölve saa ya mfukoni, msumeno,
na herufi moja iliyokosewa.
Saa aliipeleka kwa fundi.
Herufi ameileta kwetu.

Namweleza, maana ana haki ya kujua:
ndani ya jicho lako kuna mbebaji,
kazi yake kupeleka vitamini mahali inaposubiriwa.
Wako hubeba vizuri, hata kupita kiasi.
Hufika mlangoni, akaukumbatia mzigo,
asiutue.
Kama tarishi aliyekataa kuachia barua.

Kimya.
Nimesahau kazi aliyoifanya.
"Miaka thelathini na moja," anasema polepole,
"nimesambaza posta kandokando ya mto Vindel.
Sijarudi na barua ya mtu hata moja."
Shingo yangu inapata moto.
Namdondoshea dawa ya kutanua mboni
na mkono wangu hautulii.

Saa ya kwanza, hakuna kitu. Saa ya sita, hakuna.
Usiku namsikia akitafuna mkate.
Saa ya kumi na nne anauliza kama nje kumekucha,
namwambia bado, ni Januari.

Saa ya ishirini na nne naingia, nazima taa yangu nyekundu.
Sasa sote wawili ni sauti.
Narusha nukta ya mwanga, hafifu,
ile ambayo kwa miaka yote daftari lake
imeiandikia sifuri.
Kitufe kinalia.
Nadhani kidole kimeteleza. Narudia.
"Ipo. Juu, kushoto."
Naihamisha.
"Chini sasa. Usinihangaishe, mama, naiona."

Namwuliza inafananaje.
Anakaa sana kabla ya kujibu.
"Dirisha la jikoni kwetu, ukiwa ng'ambo ya mto.
Gunvor alikuwa akiniambia liko pale.
Nilimwitikia tu."

Barua imefika, basi. Imechelewa siku nzima,
lakini imefika.

Kisha anauliza swali nililokuwa nikilikwepa:
akitoka, itadumu muda gani?
Namwambia ukweli. Mlango mmoja, taa ya ukumbini,
na akiba yote imekwisha.
Dawa hatuna. Tunajua tu kwamba mbebaji
hajafa, ni mzito wa mkono,
na hilo, katika kazi yangu, si dogo.

"Basi ngoja kidogo," anasema.
Sina safu ya kuandikia dakika zile.
Nimeondoa mkono kwenye swichi.
Redio yake, chini kabisa, inasoma
hali ya hewa ya baharini, upepo na kina cha barafu,
na yeye ananiomba niirushe tena ile nukta,
si kwa ajili ya kipimo.