Pambano la Jumanne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi,
mvua ya Merthyr ikikwaruza vioo,
Shobhana anatuchoma sindano mbili mbili
na damu yetu inatoka kwenda kuoshwa.
Saa nne nzima tumefungwa kwenye mipira
kama ng'ombe wa maziwa.
Basi tunawafufua mabondia.

Emlyn, kiti cha dirishani, humleta Gethin Prosser,
mchimba makaa, bingwa kabla ya vita vile vya kwanza,
kilo hamsini na saba akiwa amelowa chapachapa.
Ijumaa anatoka shimoni na vumbi puani,
Jumamosi yumo ulingoni, raundi ishirini,
glavu nyembamba kama soksi.

Cledwyn humleta Ruben Delacroix wa Detroit,
miaka ya hamsini, uzito ule ule,
mkono wa kushoto
uliofika kabla ya habari zake.

"Angemla mbichi."
"Angekula nini? Prosser hana nyama, ni mifupa na hasira."
"Delacroix alikuwa na mpishi, ana daktari,
ana mtu kazi yake ni kumhesabia pumzi!"
"Ndiyo maana. Aliyezoea daktari
huanguka akimwona daktari."

Hapo Haydn, mwalimu wa hesabu mstaafu, anadai kanuni.
Raundi kumi na tano au kumi na mbili?
Glavu za nani?
Je, Prosser tumpe kwanza maziwa aliyoyakosa utotoni?
Na tukimlisha, tukamzaa upya
kwenye nyumba yenye bomba la maji ya moto,
huyo atakuwa Prosser bado?
Au Delacroix tumshushe shimoni ana miaka kumi na miwili,
tumkabidhi koleo na kikohozi,
tuone mkono ule wa kushoto utaotea wapi.

"Haydn," anasema Cledwyn, "umeliua pambano
na kengele haijalia."

Mimi niliendesha basi miaka thelathini na tatu.
Ndondi sizijui, ndiyo sababu wamenifanya refa.
Nimeshawatenganisha mara nyingi wasikumbatiane,
nimemwonya Prosser kwa kichwa chake,
nimemhesabia Delacroix hadi nane
siku ile Emlyn alipokuja na picha ya zamani
na sote tukaona yale mabega.

Leo Shobhana, akibadilisha mfuko wa dawa, kauliza tu,
kama mtu anayeulizia nauli:
"Huyu Prosser alikufa na nini?"
"Mapafu," Emlyn akajibu. "Ana miaka thelathini na mmoja."
"Na mwingine?"

Cledwyn alikawia.
Alikunja blanketi, akalikunjua.
"Alisahau majina ya wanawe.
Mwishoni, simu ikilia pale nyumbani,
aliinuka kitini, akainua ngumi,
akasubiri mtu aje."

Mashine zikaendelea kusaga damu.
Nje, lori la takataka lilirudi kinyumenyume likipiga mlio,
na nadhani sote wanne
tulimwona mzee yule akisimama.

Ni Emlyn aliyeanza tena, tena kwa sauti ndogo,
yeye ambaye miaka miwili hajatoa hata pointi moja:
"Raundi ya nane… ya nane nampa Delacroix.
Kwa kushoto kwake."
Cledwyn akamtazama kama aliyerudishiwa deni alilolisamehe.
"Basi ya tisa ni ya Prosser," akasema.
"Mtu wa shimoni hachoki mapema."

Wakaendelea hivyo, wakipeana,
ya kumi chukua wewe, hapana, chukua wewe,
hadi raundi zikaisha wote wawili wamesimama,
hakuna jino chini, hakuna mke anayelia safu ya mbele,
na macho yote yakanigeukia mimi.

Refa, mshindi nani?

Lakini mkono wangu una sindano mbili,
na Shobhana amekataza kuuinua.
Nimewaambia wangoje Alhamisi.