Ampuli Iliyorudi Frijini

Saa tisa na robo usiku, mjini Lugo,
mvua ya Januari ikizipiga kuta za Warumi kwa ukaidi,
simu ya wodi ya wazazi ililia mara moja tu:
"Ergometrini. Haraka. Iria Lodeiro, chumba cha nne.
Kondo limetoka, damu haitaki kusikia."

Nikafungua friji. Ampuli ni fupi kuliko kidole changu cha mwisho,
imevikwa kahawia kwa kuwa mwanga huichosha.
Ndani yake umelala ukoo wa kuvu,
kipembe cheusi kiotacho kwenye suke la rai,
rai, ndugu maskini wa ngano,
mwenye jina kama la ombi.

Kazi yake naijua: hukamata.
Hukamata mfuko wa uzazi, ukakunjana kama ngumi,
mishipa iliyoachama ikafumba vinywa.
Lakini mkono ukamatao haujui pa kuishia.
Ukiachiwa utashuka vidoleni,
utapanda kichwani, utaubana moyo.
Wa kuuzuia ni ini,
bawabu asiyelala, aivunjaye dawa chembe kwa chembe
ikishamaliza iliyoitiwa.

Kwa hiyo huuliza. Ndiyo kazi yangu, kuuliza:
dawa ya kipandauso? ya fangasi? ya virusi?
shinikizo la damu lilikuwa ngapi? sigara?
Fomu ya Iria ilijibu kwa mwandiko safi:
Hakuna. Hakuna. Hakuna.
Naye si mwongo.

Nilishuka ngazi mbili-mbili.
Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki,
bibi yake, Dosinda, alikuwa ameukumbatia mkoba
kama kuku anayepelekwa sokoni.
Akaiona ngumi yangu. "Umebeba nini?"
Sijui kwa nini nilisimama. Nikamwambia.

"Kipembe," akasema. "Kipembe cha rai.
Tulikichuma tukiwa watoto, mwaka ukiwa wa mvua,
akaja mnunuzi na farasi wake, akakipima kwa kijiko,
akalipa kuliko alivyolipia nafaka yenyewe.
Mama akituambia: msilambe vidole.
Kulikuwa na Eladio wa kinuni, aliyekula mkate wake mwaka wa njaa.
Mguu ulikuwa mweusi kama kijinga kilichozimwa kwa maji,
naye akilia kwamba unaungua."

Akanyamaza. Kisha, kama anayeungama dhambi ya mwingine:
"Huyu amekuwa akinywa vidonge vya mumewe. Vya kifua.
Tangu Jumapili. Alisema si vyake, kwa nini aviandike?"
Mkobani likatoka boksi, pembe moja imelowa.
Klarithromaisini. Vimebaki vinne.

Watu husema dawa ya moto ni moto.
Hawajasema kitu juu ya bawabu aliyefungwa mikono
na mgeni mpole aliyeingia kutibu kikohozi.

"Siyo hii!" nilipaza sauti kabla mlango haujafunguka wote.
Olalla, mkunga, hakuuliza sababu.
Mkono mmoja ndani, mmoja juu ya tumbo,
akafinya, jasho likimdondoka kidevuni.
Oksitosini ikaongezwa kwenye dripu. Misoprosto.
Kitambaa, kitambaa kingine, mizani ya vitambaa:
gramu mia tisa. Elfu moja na mia.
Iria, mweupe kama chokaa, akauliza
anayelia ni mtoto au ni yeye.
Saa kumi na dakika kumi, chini ya kiganja cha Olalla,
tumbo likakaza.
"Basi," alisema, akaketi sakafuni.

Niliirudisha ampuli gizani mwake.
Sina chuki nayo. Kesho kutwa itamwokoa mwingine,
ambaye mumewe hakohoi.

Asubuhi Dosinda alikuja dirishani kwangu,
viatu vikichuruzika maji.
Nilidhani amekuja kushukuru.
Alikuja kudai boksi.
"Vinne," alisema, "na vimelipiwa."