Viti vya Senga

Senga alianza na viti viwili:
kimoja chake, kimoja cha koti la Ross
lililorudi kutoka polisi
ndani ya mfuko wa karatasi, na namba.

Jumanne, Glasgow, mvua ya ubavuni.
Fundi wa boila alikataa malipo.
Bili ya umeme aliikunja muuza chipsi,
akaitia mfukoni: "Hii niachie."
Shule ikatoa viti kumi na vinne.

Alivipandanisha ukutani.
"Mungu awazidishie," alisema,
"ila hivi visizidi."

Leo mlango umegongwa.
Baba mmoja, kofia mkononi, hajui aanzie wapi.

Senga hamwambii pole.
Hashushi kiti.
Analiinua koti la Ross,
analivaa.

"Kaa hapa."