Shamba Hili Hali

Kazi yangu ni herufi. Herufi nyekundu,
urefu wa mkono kutoka kiwiko,
kwenye kuta na mageti, Njiru hadi Ruai:
SHAMBA HILI HALIUZWI.
Herufi kumi na nane. Natoza kwa herufi.
Wenye pesa kidogo huniambia niache SHAMBA,
"si wanaona wenyewe ni shamba, Makokha?"

Huku mashariki udongo ni mweusi, wanauita wa pamba,
ingawa pamba hakuna aliyewahi kuivuna.
Masika unakushika kiatu kama mdai;
Januari unapasuka, unaingiza ngumi nzima.
Zamani palikuwa na nyasi, na yale maji baridi
ambayo Wamaasai waliyapa jina, jina likawa jiji.
Siku hizi maji huja kwa bowsa, Jumanne, yakipenda.

Asubuhi isiyo na vumbi, ukisimama juu ya machimbo,
utaiona Ngong kule, vifundo vya ngumi iliyofungwa,
na huku katikati maghorofa
yanarefuka haraka kuliko mahindi.
Kiangazi Lemayian hupitisha ng'ombe wake hapa.
Wanalamba bikoni za ploti mia moja na kumi na nne
kana kwamba ni magadi.
"Babu yangu alilisha hapa," anasema. "Hakuandika popote."
Nami na kopo langu la rangi
sikujua pa kutazama.

Niliandika pia ile ya Githaiga dalali:
PLOTI HAMSINI KWA MIA, DAKIKA TANO KUTOKA LAMI.
Niliutembea mwendo huo. Dakika hamsini na tano.
"Kwa ndege ipi?" nikamuuliza.
Akacheka, akanilipa, akaongeza neno moja: KARIBU.

Jumamosi Waakorino hupiga ngoma kwenye kanisa la bati,
vilemba vyeupe pee katika vumbi lote hili, sijui wanafuaje.
Mchungaji wao ameuziwa kiwanja kimoja na watu watatu.
Risiti zote anazo, amezibana ndani ya Biblia.

Bi Syombua ndiye mteja wangu wa kudumu.
Mjane, nusu eka, mbaazi, migomba miwili.
Mara ya kwanza ukuta ulipakwa chokaa usiku.
Mara ya pili waliandika LINAUZWA, kwa mkono mbovu,
W imepinduka kuwa M;
hiyo iliniuma kuliko hati ya kughushi.
Mara ya tatu hakuja mtu. Ilikuja Januari tu.
Udongo ukavuta, ukuta ukaachana,
kipande cha kulia kikalala kwenye mbaazi,
nikakuta yamebaki maneno
SHAMBA HILI HALI.

"Hali gani, mama?" nikamtania.
Hakucheka. Alipitisha kidole kwenye ufa,
akakitazama kidole.
"Wanaotaka niuze ni wawili, Makokha. Niliowazaa.
Andika tu. Andika kubwa."

Nikaandika kubwa.
Halafu chini, kwenye kona, kama kawaida yangu,
jina na namba ya simu.
Kayole, kodi ya chumba imepanda tena tangu Agosti,
na kitabu cha risiti kina jina la aliyenitangulia.
Kwa hiyo ni hapa tu, Nairobi nzima:
inchi nane kwa tatu, bila hati, kwa Bi Syombua,
rangi bado mbichi,
na mbuzi wa jirani anasogea.