Fundo

Mama yangu, Wiesława, miaka thelathini na mmoja
alikagua vitambaa katika kiwanda cha Łódź.
Jora lilishuka juu ya meza ya kioo yenye taa kwa chini,
mita baada ya mita,
na mkono wake wa kushoto umelala juu ya pamba
kama wa mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake:
bila haraka, bila mapenzi ya kupitiliza.
Jicho hudanganywa na rangi, alisema. Kidole hakijui rangi.
Penye fundo kidole kilisimama kabla yeye hajajua.
Akachora chaki. Jora likaendelea.

Kiwanda kilifungwa. Siku hizi wanauza kahawa
palipokuwa na mvuke na kelele.
Vidole havikufungwa.
Vilikagua mapazia ya jirani,
hata gauni langu la harusi, mbele ya mama mkwe:
"Hapa, chini ya kwapa, uzi umeruka."

Barua ya kumwita kipimo ilikuja mara mbili.
Ya kwanza aliikunja akaituliza meza iliyokuwa ikiyumba.
Ya pili ilikaa nyuma ya kopo la sukari
pamoja na bili ya gesi. Bili ililipwa.
"Siumwi," alisema. "Mwenye kutafuta hakosi."
Nami mwanawe nikanyamaza. Ziwa nililonyonya
sikuthubutu kulitaja kwa jina.

Jumamosi moja ya Februari, bafuni,
mkono wa kulia juu ya kichwa, wa kushoto na sabuni,
kidole kilisimama.
Hakupiga kelele. Alirudi nyuma kidogo,
akapita tena, kama unavyopita jora lenye mashaka,
toka mfupa wa bega hadi chini ya titi,
mstari kwa mstari:
kwa wepesi, kwa uzito, kwa uzito zaidi.
Palepale. Fundo.
Akatoka na taulo, maji yakimchuruzika,
akaniambia, "Lete chaki."
Nilidhani anatania.

Nikachomoa barua chini ya mguu wa meza, nikasoma anwani.
Jumatatu tukapanda tramu.
Msichana wa mashine, Oliwia, mikono yake ilikuwa baridi
na aliomba radhi kwa kila mguso.
Bamba likashuka, likabana. Mama akakunja uso:
"Hata pasi ya kiwandani ilikuwa na huruma."
Kulia. Kushoto. Usipumue. Pumua.

Daktari Ćwiklińska alitugeuzia kompyuta.
Fundo la Mama, lile la kulia, la chaki,
lilikuwa kifuko cha maji tu. Halina neno.
Mama alikwisha kushika mkoba.
"Keti, bibi. Bado kushoto."
Huko ndani kabisa, karibu na mbavu,
chembe nyeupe zilikuwa zimekusanyika
kama chumvi iliyomwagika isifagiliwe.
Milimita saba.
Mama akaweka vidole palepale, mbele yetu sote,
akabonyeza, akatafuta, akafumba macho.
Hakuna kitu.
Akabonyeza tena.

Sikumwona akilia siku ile, wala siku ya kisu.
Ila ndani ya tramu alivitazama vidole vyake kumi
kama vibarua waliomwibia.
"Vimenidanganya."
Nikasema, "Vimekuleta."
Hakunijibu vituo vitatu.

Sasa ana kovu fupi. Ameukagua mshono mwenyewe, akaupitisha.
Mionzi iliacha ngozi kama imesahauliwa chini ya pasi,
nayo imepoa. Na Bi Genowefa wa ghorofa ya nne
hapumui kwa kuandamwa:
"Usizungushe kama unakoroga supu! Mstari kwa mstari.
Ukikuta kitu, nenda. Usipokuta kitu, nenda."

Jana ilifika barua yangu, bahasha nyeupe, muhuri wa wilaya.
Meza inayumba tangu siku ile, chai inamwagika.
Mama aliitazama bahasha, akautazama mguu wa meza,
akanitazama.
Tumeiacha meza iyumbe.