Kilo Tisa

Daftari lilikuwa la bure.
Jalada la kijivu, nyuma jedwali la kuzidisha.
Tulizidisha hadi kumi na mbili mara kumi na mbili
tumekaa juu ya magogo ya mkorosho,
kwa kuwa madawati yalikuwa njiani kutoka Dar es Salaam.
Yamo njiani hadi leo.

Penseli nayo ya bure.
Mwalimu Chinguile aliikata kwa wembe vipande vitatu,
kwangu, kwa Fikiri, kwa Asumini Mnali,
tukaijua theluthi kabla hajaifundisha.
Alikuwa na miaka kumi na minane,
cheti cha darasa la saba na baiskeli ya kata.
Tukimuuliza asilolijua alisema, "Andikeni tarehe."
Tuliandika tarehe kwa mwandiko mzuri sana.

Maji hayakuwa ya bure.
Kitangali iko juu, maji yako bondeni,
na alfajiri kila kichwa kilipanda na ndoo:
moja ya mikorosho ya shule,
moja ya nyumbani kwa mwalimu mkuu.
Hiyo iliitwa Kujitegemea.
Sikuelewa nani alimtegemea nani.
Lakini uji wa bulga, saa nne, ulikuwa mtamu,
na sitaki mtu aniambie haukuwa mtamu.

Jioni mama yangu, Somoe, aliingia darasa lilelile,
mtoto mgongoni, chaki vidoleni.
Msimu ule alipeleka korosho ghalani,
akasimama mbele ya mzani, haondoki.
"Sitini na mbili," akasema karani.
"Sita ina tumbo," akasema mama.
"Hiyo haina tumbo. Hiyo ni saba. Na mbele yake ni moja."
Karani akafuta, akaandika sabini na moja.
Ukiniuliza shule ilituletea nini,
nitakujibu: kilo tisa.

Kisha tangazo likabandikwa mlangoni kwetu.
Mama akawasomea majirani, silabi kwa silabi, kama alivyofundishwa:
nyumba zote za ng'ambo ya korongo
zi-ha-mi-e ki-ji-ji-ni, mwisho wa mwezi.
Hakukosea hata herufi.
Mjomba Nampunga akauliza,
"Na la kukataa, linaandikwaje?"
Mwalimu Chinguile akatazama matairi ya baiskeli yake.
"Andikeni tarehe," akasema, taratibu.
Mama akaokota mkaa,
akaiandika juu ya mlango tuliouacha.

Mwaka wa mtihani tulikuwa arobaini na wanne.
Nafasi ya sekondari ilikuja moja, ikamchukua Fikiri.
Asumini alikuwa anamshinda hesabu, kila mtu anajua,
ila wakati ule alikuwa ndani, anachezwa unyago,
na mtihani haukumsubiri.
Sisi arobaini na watatu tulisoma bure.
Lisome neno hilo upendavyo.

Juzi nilishuka Lindi na jicho langu la kushoto.
Daktari wa macho alikuwa Fikiri, kipara, miwani mizito.
Akazima taa, akaelekeza fimbo ukutani:
herufi kubwa juu, chini zimekonda kama chawa.
Nikazisoma. Zote. Kwa sauti, mgongo wima,
mpaka ule mstari ambao wengi huubahatisha.
Akacheka gizani.
"Bado unasoma," akasema, "kama Chinguile amesimama nyuma yako."
Nikamwuliza ni shilingi ngapi.
Akaniambia niondoke zangu.